Kufunga mwaka wa kujitolea Ujerumani kabla ya kuendelea na safari

Kijana wa Afrika Mashariki anayefanya Bundesfreiwilligendienst, yaani utumishi wa kujitolea ulioanzishwa Ujerumani mwaka 2011, kwa kawaida huanza kufikiria kuondoka pale anapokata tiketi. Ningependa aanze wiki nane kabla, na aanze na tarehe iliyoandikwa kwenye kadi yake ya ukaazi.

Kadi hiyo ikiwa hai, pamoja na pasipoti, inakuruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizofuta ukaguzi wa mipaka baina yao, kwa siku zisizozidi 90 katika kila siku 180 bila kuomba viza nyingine. Ikiisha muda, ruhusa hiyo nayo imekwisha. Kwa hiyo anayetaka kupita Paris au Roma kabla ya kurudi Dar es Salaam au Nairobi aipange ziara yake ndani ya tarehe hizo, na kama hazitoshi, aende ofisi ya uhamiaji ya mji wake mapema, kwa sababu miadi huchukua wiki nyingi kupatikana. Uswisi imo ndani ya Schengen ingawa si mwanachama wa Umoja wa Ulaya. Uingereza haimo, na Mtanzania au Mkenya huhitaji viza yake.

Jambo la pili ni kujiondoa kwenye daftari la wakaazi, ambako Wajerumani hukuita Abmeldung. Hufanyika katika ofisi ya manispaa, si mapema zaidi ya wiki moja kabla ya kuhama wala si baada ya wiki mbili tangu uhame. Utapewa karatasi ya uthibitisho. Itunze kama unavyotunza pasipoti, na upige nakala. Mimi niliondoka bila kuituma nakala kwa kampuni yangu ya simu, nayo ikaendelea kukata pesa kwenye akaunti yangu kwa miezi mitatu. Akaunti ya benki iwe ya mwisho kufungwa, hasa kama mwenye nyumba bado anashikilia amana yako, kwani anaweza kukaa nayo kwa miezi kadhaa akikagua gharama. Bima ya afya ya utumishi nayo usiisahau: kata bima ya safari inayoanza pale ile inapokoma.

Kisheria una haki ya kupewa hati inayoeleza kazi uliyofanya na kwa muda gani, pamoja na utendaji na mwenendo wako. Iombe mapema. Wengi humaliza mwishoni mwa Agosti, na wakati huo msimamizi anayekufahamu vizuri huenda yuko likizo, hivyo hati ikaandikwa na mtu aliyekuona mara mbili tu.

Linalobaki ndilo ninalolijali zaidi, nalo ni makabidhiano. Nilifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na kwa mwaka mzima nilijua mambo ambayo hayamo katika faili lolote: bibi fulani hakubali kuvalishwa soksi kabla ya kunywa kahawa, na babu wa chumba cha mwisho hutulia dirisha likifunguliwa. Andika mambo kama hayo kwenye daftari, chumba kwa chumba, kisha mpe atakayekupokea na umpitishe humo mkiwa pamoja zamuni angalau mara moja.

Kuhusu kuaga, waulize wauguzi kila mzee aambiwe lini. Bibi mmoja mwenye maradhi ya kusahau nilimwambia mwezi mzima kabla, na kila asubuhi akaniuliza kwa hofu kama ndiyo siku ninayoondoka. Kwa mzee kama huyo, siku moja au mbili kabla zinatosha. Siku yenyewe kaa naye, mshike mkono, na umwachie picha yenu yenye jina lako kwa herufi kubwa, ukaibandike mahali anapoweza kuiona akiwa amelala.