Kuokoa monstera iliyovunjika shina

Monstera, ule mmea wa mapambo wenye majani makubwa yenye matundu, ikivunjika shina, wengi hukimbilia gundi au nta ya mshumaa. Weka hivyo pembeni kwanza.

Shina hili si kama la mwembe. Chini ya gome la mwembe kuna tabaka jembamba lililo hai, na ndilo linaloshikana mtu anapobebesha mche. Monstera haina tabaka hilo. Iko kundi moja na mnazi, mgomba na muwa. Kata muwa utazame ndani: utaona vidoti vya mirija vimetawanyika kote. Monstera imeumbwa hivyo hivyo, na mirija iliyokatika haiungani tena. Kidonda hukauka kikafanya kigaga, na mirija iliyosalia ndiyo inayobeba maji ya mmea mzima. Kwa hiyo banzi unalofunga haliunganishi chochote; linailinda ile iliyosalia.

Hatua ya 1: Pima jeraha

Vaa glovu. Monstera ni ndugu wa magimbi, na utomvu wake una fuwele zilezile zinazowasha mdomo ukila gimbi bichi. Watoto na paka wakae mbali. Usilinyooshe shina bado. Kama ufa haujafika nusu ya unene, funga banzi. Ukipita nusu lakini majani ya juu bado yamesimama, funga banzi kisha nenda hatua ya 4. Kama limekatika kabisa, kata chini kidogo ya kifundo, pale jani linapochomoza, kisha weka kifundo hicho ndani ya glasi ya maji na jani libaki nje. Badilisha maji kila baada ya siku chache.

Hatua ya 2: Kausha

Pangusa wembe kwa spiriti, punguza nyuzi zilizochanika tu, kisha kiache kidonda kipate hewa kwa saa chache. Unga wa mdalasini husaidia kukausha, ila si lazima.

Hatua ya 3: Banzi

Chukua vijiti viwili vya mishikaki, ukate ncha zake. Virefuke kama sentimita 5 juu na chini ya ufa. Rudisha shina polepole, na ukisikia linalia, ishia hapo hapo. Afadhali libaki limepinda. Funga kwa vipande vya fulana kuukuu, juu ya ufa na chini yake. Usitumie waya wala mshipi wa kuvulia, maana hukata nyama ya shina.

Ufa wenyewe uache wazi. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii nilizungushia selotepu jeraha zima la monstera ya mteja. Siku ya tisa nilipofungua nilikuta uji mweusi. Mmea ule bado unaniuma. Katika joto na unyevu wa pwani, kuoza huua haraka kuliko kuvunjika kwenyewe.

Halafu ondoa uzito. Kwao, kuanzia kusini mwa Meksiko hadi Panama, monstera hupanda miti ya msituni kwa mizizi yake ya hewani, kwa hiyo shina lake halikuzoea kujibeba. Simika mti uliozungushiwa kamba ya usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, upande wenye mizizi uuelekee mti, kisha funga shina. Usifunge vikonyo vya majani; hivyo huhitaji kugeuka kufuata mwanga.

Hatua ya 4: Kuotesha mizizi juu ya jeraha

Hii ndiyo njia ninayoiamini zaidi. Tafuta kifundo kilicho juu ya ufa, hasa chenye kichwa cha mzizi wa hewani. Chukua usumba wa kujaa ngumi. Kama makumbi yake yalifukiwa ufukweni, kama wanavyofanya Zanzibar, usuuze mara kadhaa chumvi itoke. Ukamue hadi usidondoshe maji, uzungushie kifundo, funika kwa plastiki inayoonyesha ndani, na ufunge juu na chini. Plastiki isiguse ufa. Banzi libaki mahali pake.

Kila siku chache fungua juu uchungulie. Usumba ukikauka, nyunyiza maji. Baada ya wiki 3 hadi 6 mizizi myeupe huonekana. Subiri ifike sentimita 5 au zaidi na ianze kugawanyika. Wengine hukata mapema kwa furaha ya kuona mzizi wa kwanza, na kipande kikanyauka.

Hatua ya 5: Kata na upande

Kata chini ya mizizi, juu ya ufa. Acha mkato ukauke kwa saa chache huku mizizi ikiwa bado ndani ya usumba wake, kisha upande hivyo hivyo kwenye udongo uliochanganywa na usumba na chenga za mkaa. Uweke kwenye mwanga usio wa jua kali, na usitie mbolea hadi jani jipya litokeze.

Kisiki usikitupe. Kikate chini ya ufa, ukiacha angalau kifundo kimoja kizima, na upunguze kukimwagilia kwa sababu majani ya kunywa maji hayapo. Jicho lililolala hapo huchipua.