SOMO: Kuhamishia rauta ya OpenWrt kwenye chaneli za rada (DFS)

OpenWrt ni programu huria ya kuendeshea rauta. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena "mbona Wi-Fi ya 5 GHz imepotea" nitampa linki hii tu.

Chaneli 52 hadi 64, na 100 hadi 140, zina wenyewe: rada. Sisi ni wageni humo. Tunasikiliza kwanza, na mwenyewe akitokea tunapisha. Huko kupisha ndiko DFS. Nafuata kanuni za Ulaya. Walio Nairobi au Dar waanze na amri `iw reg get` waone nchi yao imefungua zipi.

1. LuCI (ukurasa wa mipangilio wa OpenWrt) > Network > Wireless > Edit.

2. Country Code: nchi uliyopo kweli, si ile unayoitamani.

3. Chaneli na upana. Hapa ndipo wengi hukwama. Chaneli 100 kwa 80 MHz inashika 100 hadi 112, na rauta husikiliza sekunde 60 kabla ya kurusha. Ukiweka 160 MHz inafika 128, na 120 hadi 128 zina rada za hali ya hewa: kusikiliza ni dakika 10. Muda wote huo mtandao hauonekani. Mtu anadhani rauta imeungua, anachomoa waya, hesabu inaanza upya. USICHOMOE. Fungua logi kwa amri `logread -f`, subiri `DFS-CAC-COMPLETED success=1` (kusikiliza kumeisha, hakuna rada).

4. Save & Apply.

Maswali

— Mkuu nimeweka 160, haionekani. Msaada.
— Hatua ya 3.
— Nimesoma. Nimezima na kuwasha mara kibao.
— Basi hujasoma.

— Rada ikitokea watu wako hewani, simu zinajuaje pa kwenda?
— Hilo ndilo swali. Rauta inatangaza chaneli mpya ndani ya bikoni zake, yaani matangazo mafupi inayorusha kila mara. Ina sekunde 10 kuondoka, na ile ya zamani haiigusi kwa dakika 30. Ikihamia 36 inaendelea papo hapo. Ikihamia chaneli nyingine ya rada ambayo haijaisikiliza, mnakatika dakika nzima. Kwenye logi tafuta `DFS-RADAR-DETECTED`.

— Hakuna namna ya kuizima hiyo DFS?
— Hapa hatufundishi hilo. Marekani FCC (mamlaka ya mawasiliano) imeshatoza faini watu waliovuruga rada za viwanja vya ndege.

— Mimi nimeficha jina la mtandao, simu inachelewa kuunga. Inahusiana?
— Sana. Kwenye chaneli hizi simu hairuhusiwi kuuita mtandao kabla ya kusikia bikoni, na ya kwako haina jina. Acha jina wazi, weka nywila ndefu.