Namna ya kupima lawama: utafiti wa mitazamo kuhusu ukatili wa kingono kwa wanafunzi wa vyuo vikuu Japani

Tasnifu nyingi kuhusu mada hii huharibika kabla mwanafunzi wa kwanza hajajibu swali. Mtafiti husema anapima “mitazamo kuhusu ubakaji”, kisha ndani ya dodoso moja anachanganya mambo matatu yasiyofanana: mwanafunzi anajua nini kuhusu sheria, anaamini dhana zipi potofu kwa ujumla, na angemlaumu nani akisimuliwa kisa mahususi. Mtu anaweza kuijua sheria vizuri na bado akamlaumu msichana aliyekunywa. Mwingine atazikataa dhana zote potofu kwenye karatasi, ila kisa kikimhusu mwenzake wa klabu anauliza, “Kwani alifuata nini kule?” Tenga sehemu tatu, kila moja na alama zake, wala usizijumlishe.

Maelekezo haya yanamfaa anayesoma Japani, au anayeshirikiana na mwalimu aliyeko huko, na anataka data itakayosimama mbele ya mtahini.

Anza na sheria, maana imebadilika mara mbili ndani ya miaka 6

Kanuni ya Adhabu ya Japani ni ya mwaka 1907. Kwa zaidi ya karne moja, mwathirika wa ubakaji kisheria alikuwa mwanamke tu, na kwa kawaida kesi haikufunguliwa bila yeye kulalamika rasmi. Tangu tarehe 13 Julai 2017, wanaume nao wanatambuliwa kuwa waathirika, sharti la malalamiko limeondolewa, na kifungo cha chini kimepanda kutoka miaka 3 hadi 5. Sharti la kuthibitisha nguvu au vitisho, au kwamba mwathirika alishindwa kupinga, lilibaki. Ndiyo maana mwezi Machi 2019 zilitoka hukumu kadhaa za kuwaachia washtakiwa huru, ikiwemo ya tawi la Okazaki la Mahakama ya Wilaya ya Nagoya: mahakama ilikubali kwamba binti hakuridhia kuingiliwa na baba yake, lakini haikuona imethibitika kwamba alishindwa kabisa kupinga. Rufaa ilitengua hukumu hiyo mwaka uliofuata. Maandamano ya Flower Demo, yaliyoanza Tokyo tarehe 11 Aprili 2019, yalizaliwa na hasira hiyo.

Mabadiliko ya pili yalianza kutumika tarehe 13 Julai 2023. Kosa sasa linaitwa kujamiiana bila ridhaa, na sheria inataja hali nane zinazomfanya mtu ashindwe kuunda, kueleza au kutekeleza nia ya kukataa. Miongoni mwake ni pombe na dawa, usingizi, kupigwa na butwaa, na kuogopa madhara yatokanayo na cheo au uwezo wa kiuchumi wa mwenzake. Umri wa kuridhia umepanda kutoka miaka 13 hadi 16. Kwa wenye miaka 13 hadi 15, kosa linahesabika kwa umri pekee pale mtendaji anapowazidi kwa miaka 5 au zaidi.

Kutokana na hayo, andika maswali 6 hadi 8 ya ujuzi yenye majibu matatu: kweli, si kweli, sijui. Usiondoe “sijui”. Ukiiondoa, mwanafunzi anabahatisha, na bahati nasibu hiyo utaisoma kama ujuzi. Mfano: “Mtu aliyeganda kwa hofu bila kusema lolote anaweza kulindwa na sheria hii.” Na data iliyokusanywa kabla ya Julai 2023 usiichanganye na ya baadaye kana kwamba ni kundi moja.

Kipimo cha dhana potofu

Martha Burt alitoa kipimo cha kwanza kinachojulikana sana mwaka 1980, chenye kauli 19. Mwaka 1999 kilifuata IRMA (kipimo cha Illinois cha kukubali dhana potofu kuhusu ubakaji) chenye kauli 45, na mwaka 2011 Sarah McMahon na Lawrence Farmer wakakifupisha hadi kauli 22 kwa lugha ya wanafunzi. Hicho cha kauli 22 ndicho rahisi kuanza nacho. Angalia mwelekeo wake: 1 ni “nakubali kabisa” na 5 ni “nakataa kabisa”, kwa hiyo alama kubwa ina maana ya kuzikataa dhana potofu. Wanaolisahau hili huandika matokeo yaliyopinduka, na jedwali halitawashtua kwa sababu tarakimu zenyewe zinaonekana za kawaida.

Tatizo la pili ni sakafu. Mwanafunzi wa leo anajua jibu linalotakiwa, hivyo kauli za wazi kama “aliyevaa sketi fupi ameyataka” hukataliwa na karibu kila mtu, na kipimo hakitofautishi tena watu. Kipimo cha AMMSA (cha kukubali dhana potofu za kisasa kuhusu ukatili wa kingono), cha mwaka 2007, chenye kauli 30 na ngazi 7 za majibu, kilitengenezwa kukabili hali hiyo kwa kauli za chini kwa chini. Ukiwa na nafasi ya kipimo kimoja tu, na washiriki wako wanasoma saikolojia au sosholojia, chagua AMMSA.

Usikitafsiri ukaishia hapo. Mtafsiri mmoja apeleke Kijapani, mwingine asiyeona asilia arudishe, kisha wanafunzi 5 hadi 8 wasome kwa sauti wakieleza wanachoelewa. Kijapani huacha mtenda bila kumtaja, na kauli ya lawama ikipoteza mtenda huonekana ya upole. Magazeti nayo yamezoea maneno ya kufunika, kama “kufanyiwa fujo”. Kwenye dodoso eleza tendo lenyewe: kujamiiana bila ridhaa. Neno zito la “ubakaji” likitokea, wengi hufikiria mtu asiyejulikana, kichochoro na kisu, nawe utapata majibu kuhusu kisu.

Ongeza kauli chache za kienyeji, kama 4 hadi 6, uzichambue kando na kipimo asilia. Lawama ya Japani ina msamiati wake: kwamba mwathirika “alikuwa na suki”, yaani aliacha mwanya; kwamba ni jiko sekinin, mzigo wake mwenyewe; kwamba anatafuta jina. Shiori Ito alipojitokeza hadharani mwaka 2017 kusema amebakwa, alishambuliwa mpaka kwa vifungo vya shati alilovaa mbele ya waandishi wa habari. Desemba 2019 alishinda kesi ya madai. Pia tenga kauli ya kusingiziwa ndani ya treni. Hofu ya mwanamume kusingiziwa kumpapasa abiria inajadiliwa sana Japani, na mtu anaweza kuwa nayo bila kuamini kwamba wanaodai kubakwa husema uongo. Ukiziunganisha, kipengele cha “alidanganya”, yaani kundi la kauli za kudai mwathirika anasema uongo, kitavimba.

Kuhusu ngazi za majibu: utafiti uliolinganisha wanafunzi wa Asia Mashariki na Amerika Kaskazini ulionyesha kwamba Wajapani huegemea zaidi jibu la katikati. Ukifanya kazi Japani pekee, ngazi 6 zisizo na katikati zinafaa. Ukitaka kulinganisha na nchi nyingine, baki na ngazi za asili na upime kwanza kama kipimo kinafanya kazi sawa pande zote mbili. Kulinganisha wastani kabla ya hapo ni kazi bure.

Kisa: hapa ndipo lawama hupimwa

Kipimo cha jumla kinakuambia mtu anasema nini kuhusu “wanawake”. Kisa kinaonyesha anavyomhukumu mtu mmoja. Andika kisa cha aya moja au mbili, badilisha jambo moja au mawili tu, na kila mshiriki asome toleo moja kwa kura ya kompyuta. Mfano:

“A (mwanamke, miaka 21) na B (mwanamume, miaka 22) wako klabu moja ya tenisi chuoni. Usiku wa Ijumaa walihudhuria nomikai (hafla ya kunywa) ya klabu, wakakosa treni ya mwisho. B akamwambia A akapumzike kwake mpaka treni ya alfajiri. Walipofika A alijilaza pembeni. B akaanza kumshika. A hakutaka, [akasema ‘acha’ na kumsukuma / lakini alipigwa na butwaa, hakuweza kusema wala kusogea]. B akaendelea, akamwingilia.”

Umri si pambo. Utu uzima Japani umeshushwa hadi miaka 18 tangu tarehe 1 Aprili 2022, lakini pombe bado ni kuanzia miaka 20. Ukimfanya A awe wa mwaka wa kwanza mwenye miaka 18, msomaji atamlaumu kwa kuvunja sheria ya pombe, na wewe utadhani analaumiwa kwa kubakwa. Kadhalika “A hakutaka” ibaki katika matoleo yote. Ikiondolewa, nusu ya washiriki wataanza kubishana kama kosa limetokea, nawe ulitaka kujua lawama inaelekezwa wapi.

Usikivishe kisa nguo za kigeni. Sherehe za mabweni ya Marekani hazimwambii kitu mwanafunzi wa Osaka. Tumia nomikai, uhusiano wa senpai, yaani aliyetangulia chuoni, na mdogo wake, treni ya mwisho, kazi ya muda, au ziara ya kutafuta ajira ambapo mwanafunzi hukutana na mhitimu aliyeko kwenye kampuni. Hali ya mwisho inafaa sana ukitaka kuchunguza cheo, kwa kuwa sheria ya 2023 inaigusa moja kwa moja. Mwaka 2017 kura ya maoni ya kipindi cha NHK, shirika la utangazaji la umma la Japani, iliuliza ni tabia zipi zinaweza kuchukuliwa kuwa ni kuridhia ngono: asilimia 11 walitaja kula wawili peke yao, 27 kunywa wawili peke yao, na 35 kulewa chakari. Takwimu hizo zinakupa orodha nzuri ya mambo ya kubadilisha kwenye kisa.

Baada ya kisa uliza lawama kwa A na lawama kwa B katika mizani miwili tofauti ya 0 hadi 100. Usiwaambie wagawe 100 kati ya wawili. Ukifanya hivyo umewalazimisha kumpa A chochote B asichopewa. Tenganisha pia lawama ya kitendo (“hakupaswa kwenda”) na lawama ya tabia (“ni mtu wa aina hiyo”). Kisha uliza uzito wa madhara, kama ni kosa la jinai, na kama wangemshauri A aende polisi. Malizia kwa swali la kuhakiki: A alifanya nini B alipoanza kumshika? Aliyekosea hilo hakusoma kisa.

Idadi: kwa matoleo mawili na tofauti ya kati (d = 0.5, ambapo d ni tofauti ya wastani ikigawanywa kwa mtawanyiko wa alama), unahitaji watu 64 kwa kila toleo ili kuwa na nguvu ya asilimia 80, yaani uwezekano wa kuigundua tofauti hiyo ikiwa ipo. Tofauti ndogo (d = 0.2) inadai karibu 394 kwa kila toleo. Ongeza moja ya tano juu yake kwa watakaoacha njiani au kushindwa uhakiki. Ukitaka kulinganisha wanaume na wanawake ndani ya kila toleo, hesabu upya. Darasa moja halitoshi.

Siku ya kukusanya

Mwaka wa masomo huanza Aprili, na mitihani ya muhula huwa mwishoni mwa Julai na Januari. Mei, Juni, Oktoba na Novemba ndiyo miezi salama. Ruhusa ya kamati ya maadili iombwe mapema sana. Wanafunzi wenye miaka 18 wanaridhia wenyewe, ila barua yako iseme wazi kwamba mada ni ukatili wa kingono. “Uhusiano wa kijamii” ni kichwa cha kumvizia mtu.

Mwalimu wa somo atoke nje. Alama za darasa zisihusike. Ukumbi ukijaa, kila mtu anaona simu ya jirani, kwa hiyo wape msimbo wa QR wakajibie popote ndani ya siku tatu. Ukilazimika kufanya darasani, asiyetaka awe na kazi nyingine ya urefu uleule ya kujaza, asionekane anainuka.

Utafiti wa serikali wa mwaka 2020 ulikuta mwanamke 1 kati ya 14 hivi amewahi kulazimishwa kujamiiana, na karibu 6 kati ya 10 hawakumweleza mtu yeyote. Chukulia kwamba wako mbele yako. Karatasi ya msaada apewe kila mtu, si anayeomba: namba #8891 inaunganisha na kituo cha msaada cha mkoa husika, na vituo hivyo vipo katika mikoa yote 47, #8103 ni ya polisi, ongeza ofisi ya ushauri ya chuo. Mwishoni eleza kwamba kisa kilitungwa, na kwamba kuganda ni mwitikio wa kawaida wa mwili. Bila maelezo hayo utakuwa umewasomesha vijana mia kadhaa dhana potofu kisha ukaondoka.

Kuchambua bila kujidanganya

Geuza kwanza kauli zilizo kinyume, kisha angalia alfa ya Cronbach, yaani kipimo cha jinsi kauli zinavyokwenda pamoja, kwa kila kipengele. Chini ya 0.70 chunguza tafsiri kabla ya kufuta kauli. Lawama kwa A mara nyingi hurundikana kwenye 0, hivyo wastani pekee unapotosha: toa mchoro wa mgawanyo na asilimia ya waliotoa zaidi ya 0. Hao ndio habari yenyewe.

Ingiza kipimo cha misimamo ya jinsia. Niwako Yamawaki na Brian Tschanz, waliolinganisha wanafunzi wa Japani na Marekani mwaka 2005, walionyesha kwamba misimamo ya jadi kuhusu nafasi ya mwanamke na mwanamume inaeleza sehemu ya tofauti iliyoonekana kati ya mataifa hayo. Bila kipimo hicho utaangukia kusema “ni utamaduni wao”, jibu ambalo halielezi chochote. ASI (kipimo cha ubaguzi wa kijinsia wenye sura mbili), yenye kauli 22, ni chaguo zuri: nusu inapima uadui wa wazi kwa wanawake, na nusu ule upole wa kumlinda mwanamke “mwema” unaomgeuka punde anapoonekana si mwema.

Majibu ya maandishi yasimbwe na watu wawili wasiojua mshiriki alisoma toleo gani. Kwenye ripoti taja chuo kwa aina yake (cha taifa, binafsi, cha wanawake) badala ya jina, na usichapishe jedwali lenye kundi la watu wachache, mathalani wanaume 4 wa mwaka wa nne. Wenzao watawatambua kabla ya mtahini hajafika ukurasa huo.