Somo: Muda wa Kudai Fidia ya Magonjwa ya Asbesto Huanza Kuhesabiwa Lini Uingereza na Wales

Aliyevuta vumbi la asbesto kazini mwaka 1970 anaweza kuugua mesotelioma, yaani saratani ya utando unaofunika mapafu na viungo vingine, miaka 40 baadaye, kwa hiyo kuhesabu muda tangu alipovuta vumbi ni kumnyima haki kabla hajajua kuwa anayo. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1963 katika shauri la Cartledge dhidi ya Jopling, ambapo Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo, liliamua, kwa shingo upande, kwamba muda wa wafanyakazi walioharibiwa mapafu na vumbi ulikuwa umekwisha. Bunge lilibadili sheria mwaka huohuo. Leo hutumika Sheria ya Ukomo (yaani mwisho wa muda wa kufungua shauri) ya mwaka 1980, vifungu vya 11 na 14.

Hatua ya kwanza ni kutafuta tarehe ya kujua. Miaka 3 huanza siku mdai alipokwisha kujua kwamba madhara ni makubwa, kwamba yametokana na kitendo au uzembe anaoulalamikia, na kwamba mhusika ni nani. Kutojua kuwa kitendo hicho ni kosa kisheria hakuongezi hata siku moja.

Hatua ya pili, ambayo wengi huiruka, ni kujiuliza ulipaswa kujua lini. Mahakama humhesabia mdai hata yale ambayo angeyapata kwa daktari, ikiwa mtu mwenye busara angekwenda kumwuliza. Ndiyo maana barua ya zamani ya hospitali inayotaja asbesto isifichwe kwa wakili.

Hatua ya tatu ni kufungua shauri. Barua kwa mwajiri haisimamishi muda. Fomu ya madai ndiyo inayopaswa kufika mahakamani.

Maswali ya wanachama

Swali: Baba amefariki bila kufungua shauri. Je, tumechelewa?
Jibu: Ikiwa miaka yake 3 haikuwa imekwisha alipofariki, mnahesabu mingine 3 tangu kifo au tangu mlipojua, kwa kufuata tarehe iliyo ya baadaye.

Swali: Nimeambiwa nina mabaka kwenye utando wa mapafu, lakini siumwi.
Jibu: Mwaka 2007 Baraza la Malodi liliamua kuwa mabaka pekee si madhara ya kudaiwa fidia, hivyo hakuna muda unaohesabiwa. Uskoti ilitunga sheria tofauti mwaka 2009.

Swali: Na muda ukishapita?
Jibu: Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ukomo kinamruhusu jaji kuuondoa ukomo akiona ni haki, baada ya kupima urefu na sababu za kuchelewa, na kama ushahidi umedhoofika. Ni hiari ya jaji, si haki ya mdai.