Jinsi ya kusimulia mbio za Niyongabo kijiweni bila watu kususa kahawa

Hapa Kigoma stori za Burundi huwezi kuzikwepa, kijiwe chochote cha kahawa kuanzia Mwanga mpaka Ujiji hakosi mtu mwenye shangazi ng'ambo ya mpaka au aliyepitia kambini Nyarugusu, sasa ukitaka kumsimulia Vénuste Niyongabo, mkimbiaji wa Burundi wa Olimpiki ya 1996, inabidi ujue pa kuanzia. Mimi mara ya kwanza nlianza na vita. Nikataja Ndadaye, rais wa Burundi, alivyouawa Oktoba 1993, kabla hata sijafika kwenye mbio mzee mmoja akanikata, "We kijana, hao waliokufa unawajua?" akaweka kikombe chini kahawa haijaisha, huyo akaondoka.

Kwahiyo anza na kwao Niyongabo. Makamba, hapo tu, ukivuka Manyovu ukatokea Mugina ushafika kwao. Watu wakishajua ni jirani watakaa vizuri kwenye benchi.

Alafu nenda kwa Dieudonné Kwizera, mkimbiaji mwenzake wa Burundi, hapa usiwe na haraka maana ndo mnofu wenyewe. Olimpiki ya 1988 ilimpita, ya 1992 ikampita, sio kwamba mbio hana, ni nchi yake haikua na kamati ya olimpiki inayotambulika yani hakuna wa kumpeleka. 1996 kule Atlanta ndo Burundi inaenda mara ya kwanza. Niyongabo mbio zake ni mita 1500, mwaka mmoja nyuma katoka kuchukua shaba ya dunia Gothenburg, wengi wanampigia hesabu za medali, na nafasi hiyohiyo akamwachia Kwizera, yeye akahamia 5000 ambayo maishani alikua kaikimbia mara mbili tu. Nyamaza kidogo hapo. Lazima mtu ataguna "akamwachia bure?" We mjibu bure.

Siasa sasa unaweza kuiingiza ila kwa tarehe, basi. Julai 25 mwanajeshi Buyoya kapindua serikali ya Burundi michezo ikiwa inaendelea, Julai 31 nchi jirani wakakutana Arusha na sisi tukiwemo wakaiwekea Burundi vikwazo, Agosti 3 Niyongabo yuko kwenye mstari. Usianze kusema nani alikua sahihi. Na akitokea wa kuuliza kabila lake (atatokea, kila kijiwe kina wake) mwambie kabila lake ni mita 1500.

Mbio zenyewe ni raundi 12 na nusu, usizihesabu zote utaboa, ruka mpaka mwisho. Niyongabo dakika 13:07.96, Paul Bitok wa Kenya 13:08.16. Ukisema sekunde 0.20 hakuna atakaekuelewa kwahiyo fungua ile saa ya kuhesabia sekunde kwenye simu, mpe dogo mmoja aanzishe na kuisimamisha haraka anavyoweza. Hapo watagombania simu. Wakitulia ndo uwaambie hiyo ilikua medali ya kwanza ya Burundi kwenye Olimpiki, na ni dhahabu.

Yule mzee alirudi siku nyingine, safari hii nlianza na Makamba. Akaomba simu, akabonyeza kwa dole gumba, ikasoma 0.43. Akaitazama weee, akasema "Kumbe Mkenya alikua mgongoni kabisa," akaagiza kahawa ya pili na kashata, akaniuliza Kwizera yeye alikimbia lini.