Achari mpya Lamu: anza na kifuniko, embe baadae

Mwenzangu ukitaka kutoa bidhaa mpya usikimbilie embe. Mimi nlikimbilia, embe mbichi aina ya ngowe zishafika matenga kwa matenga, chupa nazo zikaja na vifuniko visivyoingia, muuzaji wa Mombasa alichanganya saizi. Mpaka vije vingine kwa basi, viteremshwe Mokowe upande wa bara, vivuke kwa boti alafu vipakiwe kwa punda, embe zishaiva njano, tukazila na majirani basi.

Kwa hivyo hesabu kutoka nyuma. Andika kila kinachoingia kwa chupa moja, embe, chumvi, pilipili, siki, chupa, kifuniko, lebo, na ubavuni uandike siku za kukingoja. Chumvi waenda dukani sahii warudi nayo, chupa yaweza kula wiki mbili. Chenye siku nyingi ndo cha kuagiza kwanza na kikifika kijaribu hapo hapo, tia maji kwa chupa kadhaa, funga, pindua, angalia kama yavuja. Embe ni za mwisho kabisa, mwambie mkulima siku ya kuangua.

Kiasi sasa. Bechi ya kwanza fanya chupa 100, zisizidi. Kila chupa ikitaka gramu 300 za embe iliyokatwa hiyo ni kilo 30, lakini kuna maganda na kokwa, kwangu kilo 10 hubakisha 6 hivi, so nanunua 50 na naongeza 5 za kuoza. Pima zako, usichukue hesabu yangu.

Alafu tafuta mahali kazi inapokwama. Kwetu ni darini, majamvi ya kuanikia yanabeba kilo 15 tu na embe zakaa juani siku 3, sasa hata ukiajiri wakataji kumi wataka zikae wapi? Tunakata 15, zikitoka ndo tunakata nyingine. Watu waliniona mvivu, lakini hakuna embe iliyotuozea kwa beseni.

Chumbani embe ziingie mlango mmoja, chupa kavu zikae upande wa pili, zisikutane mpaka kujaza. Alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, anza kuifuatilia mapema kama wataka supamaketi.

Na stoki: ukitumia vifuniko 40 kwa wiki na mzigo wachukua wiki mbili, vikibaki 100 piga simu siku hiyo hiyo, 80 ni vya hizo wiki mbili za kungoja, vile 20 vya juu ni vya basi kuharibika njiani.