Kuanzisha Shirika la Kijamii la Kuwafikishia Watu Mboga na Matunda

Anayetaka kuanzisha shirika la kuwafikishia wakazi wenzake mboga na matunda mara nyingi huanza kwa kutafuta jina, kuchora nembo na kuandika barua za kuomba ufadhili, ilhali bado hajajua ni wapi hasa chakula hicho kinakwama. Nashauri mambo hayo yasubiri. Fuatilia kwanza safari nzima ya mazao, tangu yanapovunwa hadi yanapoingia chunguni, kwa kuwa shirika lenye manufaa ni lile linaloziba pengo moja linalojulikana katika safari hiyo.

Hesabu ndogo itakuonyesha ukubwa wa kazi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mwenye umri wa miaka 10 au zaidi ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Kwa kaya ya watu watano wa umri huo, hizo ni kilo 2 kila siku, yaani kilo 14 kwa wiki, ambazo ni lazima mtu azinunue, azibebe na azitunze zisioze. Bibi anayetembea kwa mkongojo huku akilea wajukuu wanne hawezi kubeba mzigo huo kutoka soko la mbali, hata siku ambayo pesa anayo.

Tembelea basi kaya kadhaa, ukae na watu na kuwasikiliza. Usiulize kama wanapenda mboga, maana karibu kila mtu atajibu ndiyo. Uliza walinunua lini mara ya mwisho, wapi, walifikaje huko, na nini kiliharibika kabla ya kuliwa. Ikiwa tatizo ni umbali, huenda kinachohitajika ni gari au mkokoteni wa kupeleka mazao karibu na makazi. Ikiwa ni bei, ununuzi wa pamoja au vocha zitafaa zaidi. Na ikiwa mboga huozea nyumbani kwa kukosa jokofu, mgao mdogo mara mbili kwa wiki una faida kuliko furushi kubwa la mara moja. Chagua kazi moja uifanye vizuri, kwani shirika changa linalojaribu zote kwa pamoja huchosha watu wake mapema.

Jambo ninalolisisitiza zaidi ni hili: usiwaue wachuuzi unaowakuta. Kugawa mboga za bure karibu na kibanda cha mama anayeuza mboga hizo hizo kutamfukuza mtu ambaye angeendelea kuwahudumia majirani hata siku ufadhili utakapokwisha. Palipo na wauzaji, ni afadhali kuzipa kaya vocha zitakazotumika kwao, kisha shirika likawalipa kwa wakati. Mgao wa bure uelekezwe kwa wasio na uwezo wa kununua kabisa, na kila inapowezekana waachwe wachague wenyewe badala ya kupokea mfuko uliokwisha kufungwa.

Usajili hutofautiana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo pata maelezo kwa msajili wa mashirika wa kwenu. Lakini katiba nzuri haikosi kueleza malengo, akidi ya vikao (idadi ya chini ya wajumbe wanaotakiwa ili kikao kiwe halali), ukomo wa uongozi, katazo la kugawana faida, na mali zitakwenda wapi shirika likivunjwa. Akaunti ya benki iwe na waweka saini wasiopungua wawili wasio wa familia moja. Mjumbe wa bodi mwenye shamba au duka linaloliuzia shirika atangaze maslahi yake na atoke kikao kinapojadili ununuzi huo. Bodi nayo iwe na wakazi wanaopokea huduma, wenye kura sawa na wengine.

Utunzaji wa mazao unahitaji uangalifu kuliko wengi wanavyodhani. Benki ya chakula aliyoianzisha John van Hengel mjini Phoenix, Marekani, mwaka 1967, ambayo kwa kawaida hutajwa kuwa ya kwanza duniani, iliwafundisha wengi kukusanya chakula kizuri ambacho kingetupwa. Ila unga na maharage husubiri ghalani, mchicha hausubiri. Mboga za majani zivunwe alfajiri, zikae kivulini na zifunikwe kwa kitambaa chenye unyevu. Zisiwekwe pamoja na ndizi zinazoiva, kwa sababu ndizi hizo hutoa gesi ya ethilini inayoyafanya majani kuwa manjano upesi. Ndizi zenyewe hudhurika zikikaa kwenye baridi ya chini ya nyuzi 13 hivi za Selsiasi, ilhali matunda yaliyokwisha kukatwa yanatakiwa kukaa chini ya nyuzi 5. Kila kreti linapofika, ingiza mkono hadi chini kabisa na utoe tunda la mwisho, maana tunda moja lililopondeka hapo huweza kuozesha yaliyo jirani nalo kabla ya kesho.

Mapokezini kuwe na mizani na daftari lenye safu tatu: kilo zilizoingia, kilo zilizowafikia watu na kilo zilizotupwa. Kutokana na daftari hilo utajua gharama ya kufikisha kilo moja, ukijumlisha mafuta ya gari, barafu au umeme, vifungashio na posho za wanaojitolea. Wafadhili wengi hupenda kununua kifaa kinachoonekana, kama jokofu kubwa; wewe omba pia fedha za kuliendesha na kulitengeneza, na ukikosa fedha hizo, usilipokee.

Anza na kaya 20 kwa majuma 8, kwa siku na saa zisizobadilika, ili mama anayetoka kazini jioni ajue kwa hakika kwamba atawakuta. Majuma hayo yakiisha, rudi kwenye nyumba zile zile na maswali yale yale ya mwanzo, ulinganishe majibu na daftari lako, na hapo ndipo bodi iamue kama kaya ya 21 iongezwe au njia ibadilishwe.